Gari la Mbio la Mama Jebet

Sogeeni karibu, nina kisa kilichonishinda kukiamua.

Mama Jebet wa Nakuru alikuwa na karakana ya kuunda pikapu za wakulima, magari imara yasiyo na haraka. Siku moja akatangaza, "Tunaunda gari la mashindano. Litakimbia tangu macheo hadi machweo." Mji mzima ukamcheka. "Atashindana akiwa amebeba viazi?" Moyoni Mama Jebet aliogopa. Akiaibika, nani angenunua tena magari yake?

Tegemeo lake lilikuwa watu watatu. Odera aliisikiliza injini kama daktari asikilizavyo kifua. Nyambura alilikunja bati likamtii. Naye Lekishon, dereva mpole, hakuwahi kulilazimisha gari.

Odera aliunda injini isiyochemka. Siku ya mashindano, jua la adhuhuri lilipowaka, magari ya makampuni makubwa yalisimama kandokando yakifuka moshi. La Mama Jebet likayapita.

Nyambura alikuwa ameunda bodi nyepesi ajabu. "Dada, umetubakizia gari kweli?" Odera alimtania. Lakini kwa wepesi ule matairi hayakulika upesi, wala mafuta hayakuisha. Wenzao waliposimama kujaza, lao lilisonga, likashika uongozi.

Alasiri gia zikakwama, ikabaki moja tu. Mama Jebet akapunga mkono kumsimamisha Lekishon, lakini yeye akatikisa kichwa. Alijua gari likisimama halitaondoka tena. Akazikata kona taratibu, bila kuupoteza mwendo, huku wa nyuma wakimkaribia. Jua lilizama yeye akiwa wa kwanza.

Mama Jebet alilia mbele za watu, wala hakujificha.

Wiki iliyofuata, karakanani, gari la pili lilikuwa tayari. "Hili nitaliita kwa jina la mmoja wenu," alisema. "La nani?"

"La Lekishon, Mama," Odera akajibu. "Bila mikono yake, injini yangu ingekufa na gia zile."

"La Nyambura," Lekishon akasema. "Gari zito lisingeweza kutoka kwenye kona kwa gia moja."

Nyambura akacheka. "Bati langu lingekwenda wapi bila injini? Andika Odera."

Mama Jebet akachovya brashi kwenye rangi, akainama mbele ya mlango wa gari, mkono ukasita. Aliwapenda wote, na mlango ulitosha jina moja tu.

Haya, nyinyi mnaosikiliza: gari lingekuwa lako, ungeandika jina la nani?