Chokaa ya Kome

Mtu mmoja alikuwa na kidimbwi kwenye kona ya mto, mahali ambapo maji hupumzika kabla ya kuendelea na safari. Jina lake Lugodisha. Alikirithi kwa baba yake pamoja na wakazi wake, kwa maana chini kwenye tope waliishi kome, viumbe waliojifungia ndani ya maganda mawili kama viganja vilivyokutana. Hawakuwa na sauti. Walivuta maji machafu, wakabaki na uchafu, wakayaachia maji safi. Hakuna aliyewashukuru. Watu waliona maji tu, wakasema mto ule ni mwema.

Lugodisha alikuwa na binti, Mbuke, naye akaposwa. Desturi ya huko ni kwamba posa haikamiliki mpaka mama wa kijana aingie mwenyewe kwenye maji ya kwao binti, achote maji kwa kata, anywe. Akinywa, binti amekubaliwa. Akiyamwaga, wageni wanarudi walikotoka.

Basi Lugodisha akafikiri juu ya miguu ya mama yule, maana maganda ya kome hukata. Tena jirani yake alikuwa amezoea kumtania: "Bwana Lugodisha, wenzako wanafuga mbuzi, wewe unafuga mawe?" Akaona haya. Akasema atakisafisha kidimbwi kabla ya wageni kuja. Mbuke, ambaye ndiye aliyeteka maji kila asubuhi, akamwambia, "Baba, waache angalau wale wa upande wa matete." Baba akajibu kwamba mgeni hapokelewi kwa tope.

Akawatoa wote kwa matenga, wakubwa na wachanga. Akawachoma. Maganda yao yakawa chokaa, na chokaa ile akaipaka nyumba yake. Ikang'aa. Waliopita njiani walisimama kuitazama, na jirani akaacha utani.

Maji yalibaki safi kwa muda, kama nyumba inavyobaki nadhifu siku chache baada ya mama kuondoka. Kisha mvua zikashuka na udongo wa mashamba ya juu, wala hapakuwa na wa kuupokea. Maji yakawa mazito, yakaota utando wa kijani, yakaanza kunuka.

Wageni walipofika waliusifu sana ukuta. Mama wa kijana akavua viatu, akaingia kidimbwini, na hakuna kilichomkata. Akachota. Akaitazama kata, akaimwaga polepole, akasema, "Mkwe, nyumba yako imeoga. Maji yako bado." Akaagiza kwamba watarudi siku watakapoambiwa kuwa mchanga wa chini unaonekana.

Lugodisha akachukua panga, akakwangua ukuta wote, akaimwaga chokaa kidimbwini. Alidhani anarudisha alichokichukua. Maji yakawa meupe kama uji, na samaki wadogo wakaelea matumbo juu. Aliyechomwa harudi kwa majivu yake.

Mbuke hakumsema baba yake. Alingoja mto uioshe chokaa ile, kisha akaufuata mto kwenda juu na ndoo hadi penye mawe, ambako bado walikuwapo kome. Hawakuwa wengi, kwa hiyo akachukua wachache tu, wengine akawaacha. Akawashusha topeni mmoja mmoja, kama mtu anayelaza watoto. Akawasihi wavuvi wasitege nyavu pale, kwa sababu watoto wa kome hubebwa kwanza na samaki, wakiwa wameshikamana na mashavu ya samaki hao, ndipo waanguke mchangani na kuanza maisha. Pasipo samaki, kome hana mtoto. Na hata akiwa naye, hukua taratibu kuliko mwembe.

Ukuta wa Lugodisha leo una makovu. Yeye mwenyewe hukaa ukingoni kuwafukuza wenye matenga, hata wakimcheka. Kijana labda bado anasubiri, labda amechoka. Mbuke hana habari. Kila asubuhi anainama juu ya maji kabla ya kuteka, akiutafuta mchanga kwa macho. Bado hajauona.

Nawe unayesifiwa kwa weupe wa ukuta wako, ni akina nani uliowachoma, waliokuwa wakikusafishia maji bila kusema neno?