Pembe Zilizokataa Kabati

Mvua hulegeza ngoma, pembe hailegei. Mmemsikia mama wa bibi harusi akiisema sasa hivi, spika zenu zilipofunikwa turubai na yule kijana wa muziki akakimbilia ndani ya gari lake. Mkacheka, kisha mkaniuliza methali hiyo imetoka wapi. Haikutoka kwa wahenga. Msiwasingizie wahenga kila kitu. Aliyeisema mara ya kwanza yu hai, mwamjua, na aliisemea Italia. Sogeeni huku penye paa niwaeleze ilivyoanza.

Bi Somoe wa mtaa wa Kuze alirithi kwa mama yake pembe za nyati za kupigia vugo. Zamani hapakuwa na harusi Mombasa bila vugo. Wanawake walishika pembe na vijiti, wakazipita njia za mtaa wakipiga na kuimba, na mlio ule ndio uliokuwa kadi ya mwaliko. Baadaye zikaja spika. Siku binti wa kaka yake mwenyewe alipoolewa, alimwambia, "Shangazi, hayo ya kizamani tuyaache." Bi Somoe alirudi nyumbani akalia. Haukupita muda, akaja bwana mmoja wa makumbusho kuziomba pembe aziweke katika kabati la vioo. Neno hilo, kabati, lilimkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Ndipo ukaja mwaliko wa tamasha katika miji midogo ya pwani ya Italia, upande wa Liguria. Wakaenda marafiki watatu waliokua pamoja: Bi Somoe, shoga yake Bi Mwanatumu, na Mzee Lali mpiga ngoma. Kabla ya kupanda ndege walipeana ahadi. Wakisikiwa huko, pembe zitabaki mtaani. Wakirudi bila kusikiwa, zitakwenda kabatini, na Bi Somoe hatateta.

Basi mvua ikawapokea. Mji wa kwanza walikuta jukwaa linaelea, onyesho likafutwa. Mji wa pili vivyo hivyo. Wakawa wanapita ndani ya gari dogo, mlima mkono huu, bahari mkono ule, na bahari yenyewe hawaioni kwa ukungu. Mzee Lali alikuwa na dhiki yake peke yake. Ngoma ya ngozi yataka moto, ikipata unyevu hulegea. Kwao angeiwashia makuti makavu. Kule hotelini aliazima mashine ya kukaushia nywele. Akashinda akiipulizia ngoma yake kama anayempamba bibi harusi. Ikikaza kidogo hufurahi, akifika nayo mlangoni inalegea tena.

Mji wa tatu ndio uliokuwa wa mwisho. Alasiri, Ornella akawafuata sebuleni pa hoteli. Huyu alikuwa msichana wa Kiitaliano aliyewaongoza safari nzima, na Kiswahili chake alikipatia Malindi. Siku hiyo aliingia na uso wa mtu aletaye habari ya msiba.

"Mama Somoe, pole sana. Onyesho limefutwa. Kesho ni uwanja wa ndege. Pumzikeni tu."

"Nipumzike? Nimefanya kazi gani?"

"Ni mvua, Mama. Watu hawatoki nje."

Mzee Lali aliigonga ngoma mara moja. Ikatoa sauti ya unga uliozidi maji. Akaiweka chini pasipo kumtazama mtu.

"Imekufa," akasema. "Somoe, niwie radhi."

"Shoga, twalijaribu," akasema Bi Mwanatumu polepole. "Na ahadi ni ahadi."

Hapo Bi Somoe alipandwa na hasira, na mimi nasema ilikuwa hasira ya haki. Aliikasirikia mvua, akalikasirikia kabati, lakini zaidi aliwakasirikia wenzake hawa wawili walioanza kuomboleza kitu ambacho hakijafa. Akafungua begi, akaitoa pembe yake ndani ya kanga. Kanga ilikuwa chepechepe na maji yalidondoka kutoka kwenye mdomo wa pembe. Hakuifuta. Akachukua kijiti akaipiga vile vile ilivyo, na mlio ukatoka mkavu, mgumu, ule ule aliokuwa akiutoa mama yake. Karani wa hoteli akainua kichwa.

"Mwasikia?" akasema Bi Somoe. "Imelala majini tangu jana. Mvua hulegeza ngoma, pembe hailegei. Mwanatumu, twaa pembe yako, inuka."

"Twaenda wapi? Jukwaa hakuna."

"Lini vugo likapigwa jukwaani? Vugo ni la njiani. Watu hawatoki? Tutakwenda kuwatoa, ndiyo kazi yake tangu lizaliwe."

"Na mimi je?" akauliza Mzee Lali.

"Una mikono, piga makofi. Ama wataka tukuletee ile mashine ya nywele?"

Wakatoka. Njia za mji ule zilikuwa nyembamba, nyumba ndefu za mawe zimesongana kama Kuze, na Bi Somoe akatambua mara moja kwamba mlio unagonga ukuta huu na kurudi kwa ule. Pembe mbili zikasikika kama kumi. Wakaimba, "Tokani mlio ndani, tokani, shughuli ni yenu," maji yakiwatiririka mpaka visiginoni. Njia ya kwanza hakutoka mtu. Njia ya pili dirisha likafunguliwa, likafungwa. Bi Mwanatumu akaanza kulegeza mkono.

"Usinipunguzie!" Bi Somoe akamkemea.

Mara mzee mmoja akachomoza kichwa dirisha la juu, akafoka.

"Asemaje?" akauliza Bi Somoe.

Ornella, ambaye mwavuli wake ulikuwa umepinduka, aliona haya. "Anasema mnamsumbua."

"Mwambie vugo ni kusumbua watu. Ashuke."

Ornella alisita, kisha akapaza sauti akayasema kama yalivyo. Dirisha likafungwa kwa kishindo. Punde mlango wa chini ukafunguka, yule mzee akatoka na koti la mvua juu ya nguo za kulalia, akinung'unika, akawafuata. Hakuacha kunung'unika hadi mwisho, wala hakurudi nyumbani. Jirani yake akatoka kumuuliza aendako, naye akafuata. Wengine wakatoka kuwatazama hao.

Walipofika uwanjani mbele ya kanisa hawakuwa umati. Wangeenea katika ukumbi wa nyumba yoyote ya Kuze. Lakini walikuwa wamelowa chapachapa na hakuna aliyetaka kuondoka. Mzee Lali alipiga makofi hata viganja vikamwiva. Bi Somoe alilia, na kwa kuwa mvua ilitaka kumfichia machozi, aliwaambia wote wazi kwamba analia.

Waliporudi Mombasa, bwana wa makumbusho alikuja tena. Bi Somoe alimkaribisha chai, akamwambia, "Pembe zina kazi. Ukitaka kuziona, fuata mlio."

Na yule binti wa kaka yake aliyesema ya kizamani tuyaache, ndiye huyo mama wa bibi harusi mliyemsikia. Leo kaziomba pembe yeye mwenyewe. Ziko pale nyuma ya mlango, na Bi Somoe, kwa uzee wake wote, ameshajifunga kibwebwe. Nanyi mmekaa hapa kama watu walioambiwa wapumzike. Inukeni! Mvua hulegeza ngoma, pembe hailegei.