Kitambaa Kwenye Koki

Siku ya kikao walikuwepo watu wanne: Mwaisaka, mwenyekiti wa kamati ya maji, mafundi wake wawili, Lwitiko na Ambokile, na Tusekile, mfagizi wa zahanati, aliyewaletea chai.

Kijiji kilikuwa na mtandao wa mabomba ulioteremka kutoka mlimani, na mafundi walizoea kufunga na kufungua koki bila kuambiana. Sasa ulitakiwa utaratibu. Mwenyekiti aliweka mezani daftari kubwa, jipya. Kabla ya kugusa koki, fundi angejaza kurasa mbili, kisha wajumbe watano wa kamati wangetia sahihi. Tusekile aliona haya kusema, lakini akasema: anayefunga koki aining'inizie kitambaa, na asikitoe mwingine ila aliyekiweka.

"Mama, hii ni kazi ya kitaalamu, siyo kuanika nguo," Mwenyekiti akamjibu.

Wakacheka. Lwitiko naye alicheka, kisha akamrudishia kikombe kwa mikono miwili. "Ila kitambaa, mama, hata mimi ningekisoma," akasema. Daftari likapitishwa.

Wiki ya tatu bomba lilipasuka bondeni, chini ya zahanati. Lwitiko alizunguka na daftari asubuhi nzima. Mjumbe mmoja alitia sahihi. Watatu walikuwa wakichuma chai, wa tano yuko msibani. Na maji yalikuwa yanakula njia wanayopita watoto wa shule. Akaliacha daftari nyumbani kwa Mwenyekiti, akafunga koki ya juu, akashuka kuliziba bomba kwenye mtaro wake, uliomzidi kimo.

Saa ile ile mama mmoja alikuwa anajifungua zahanati, na bomba limekauka. Tusekile alitoka mbio na ndoo mbili tupu, akakutana na Ambokile njiani. Hakumwomba mara mbili. Ambokile alitupa jembe, akapanda mlima bila kupumzika. Aliikuta koki imefungwa, wala hapakuwa na kitu cha kumwambia kwa nini. Akaifungua.

Tusekile alisikia bomba likikohoa, kisha maji yakaja. Alishukuru kwa sauti. Aliyachemsha, akayapoza, akamfuta mtoto polepole, huku akimwombea Ambokile baraka. Hakujua kwamba maji hayo hayo yamebomoa kingo za mtaro, na Lwitiko yuko chini ya udongo.

Siku ile kila aliyegusa koki aliigusa kwa kumhurumia mtu. Basi, ninyi mnaopenda taratibu nzito kwa kuwa zinapendeza mezani, niambieni: nani alimuua Lwitiko?

Tangu mazishi, kila koki inayofungwa huning'iniziwa kipande cha kanga ya Tusekile. Na daftari lina kurasa mbili tu zilizojazwa, kwa mwandiko wa Lwitiko, na sahihi moja.