Kitatange Aliyengoja Maji Yajae

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, walio mlangoni wasogee, mwenye mtoto amlaze mapajani. Paukwa tena.

Pakawa tena.

Hapo zamani za kale, lakini si kale ile ya babu wa babu, ni kale ya juzi juzi tu, palikuwa na bahari ndani ya nyumba. Msicheke. Ilikuwa bahari. Ilikuwa na maji ya chumvi, ilikuwa na mchanga, ilikuwa na matumbawe, ilikuwa na wenyeji wake. Ila ilikuwa na kuta nne za kioo, na ilikaa juu ya meza, sebuleni kwa mwalimu mmoja mstaafu aliyeitwa Bi Saluma. Mashine yake ilinguruma kutwa, vuuu, vuuu, vuuu. Na maji yake hayakujaa wala hayakupwa. Yalikuwa pale pale, jana pale, leo pale.

Humo aliishi Kifuu, yule samaki mdogo wa miraba myeusi na myeupe. Kifuu alikuwa mama, mama mpya, mayai yake ya kwanza ameyabandika kwenye jiwe, mengi, madogo kama punje za ufuta. Mumewe hakuwapo. Wavu ulishuka siku moja ukamchota, chwap, akapelekwa nyumba nyingine, hata neno la kuaga hakusema. Kifuu akabaki na mayai peke yake, na kazi ya mayai ni kupepea. Ukiyapepea kwa mapezi yanapumua. Ukiacha yanageuka meupe, yanakufa. Basi akapepea. Asubuhi pwe, pwe. Mchana pwe, pwe. Na moyo wake ulikuwa juu kila saa, Kaa akipita anaogopa, Kangaja, samaki mwenzake, akipita anaogopa, kivuli cha Bi Saluma kikipita anaogopa, mashine ikikohoa kidogo tu anasema basi leo ndiyo leo.

"Hujambo, mama watoto?" Kaa alimwamkia kila siku, akiburura gamba lake la kuazima.

"Sijambo. Pita mbali."

Siku moja Bi Saluma akaja na mfuko wa maji, na ndani ya mfuko mlikuwa na Kitatange. Samaki wa manjano, mwembamba kama jani, mdomo wake mrefu kama sindano. Bi Saluma hakumtupa tu. Aliuacha mfuko uelee juu ya maji mpaka joto la ndani na la nje likawa moja. Akatia maji kidogo mfukoni kwa kikombe. Akangoja. Akatia tena. Akangoja. Akazima taa. Ndipo Kitatange akatoka, polepole, kama bi harusi anayetolewa chumbani.

Bi Saluma alifanya polepole. Wenyeji je?

"Karibu mgeni, karibu, starehe," Kangaja akamrukia. Kangaja ni mpana, mkia wake kama upepeo wa jikoni. "Umetoka wapi? Wa kina nani? Njoo uone mwani wetu, njoo uone pango letu, mbona huli?"

"Hebu mpishe apumue," akasema Kaa.

"Mbona wewe umemshika mkia?"

"Namsalimia."

Kitatange akachomoka, fyu, akaingia kwenye ufa wa jiwe. Ufa wenyewe ulikuwa nyuma kabisa ya mayai ya Kifuu. Akakaa humo.

Siku ya kwanza chakula kikashuka. Kitatange hakutoka. Siku ya pili kikashuka. Hakutoka. Siku ya tatu Bi Saluma akaleta nyama ya kome, akaikata ndogo ndogo. Hakutoka.

"Amekataa kome," akasema Kangaja. "Kome, jamani. Ana maringo huyo. Ikabidi nile mpaka yake."

"Tumekuona," akasema Kaa. Halafu akapunguza sauti, lakini Kifuu alisikia. "Mwenzangu, mkono wa Bi Saluma hauingii kwenye ule ufa. Akifia mle ataozea mle. Maji yataharibika. Sisi wakubwa tutaugua tutapona. Mayai hayaponi."

Kifuu akayageukia mayai yake. Maji yataharibika, mayai yapo hapa hapa, pua na mdomo na ule ufa, na baba yao hayupo, na siku zimebaki tatu tu yaanguliwe, siku tatu. Akaacha kupepea, akaenda mpaka kwenye ufa, akiwa amekasirika kama mtu aliyeogopa anavyokasirika.

"Dada, toka humo," akasema. "Kama ni kufa, kafie mbele, wavu ukuone. Nina watoto mimi."

Kitatange alikuwa akiimba, sauti nyembamba kama uzi:

*Maji yajae, yajae nile,*
*mama kaniambia ningoje.*
*Yaje na povu, yaje na mwani,*
*mama kaniambia ningoje.*

Hasira ya Kifuu ikakosa pa kukaa.

"Unangoja nini?" akauliza.

"Maji."

"Maji si haya?"

"Haya yamelala," akasema Kitatange. "Kwetu maji yakitoka tunaingia ufani. Mwamba unabaki wazi, ndege wanatuona. Hatutoki, hatuli. Maji yakirudi yanatupiga ubavuni, ndipo mama anasema, haya, tokeni mle. Bado hayajarudi. Leo mbona yamechelewa sana?"

Kifuu akafungua mdomo amwambie. Akaufunga.

Maana alikumbuka. Alikuwa hajakumbuka tangu lini, sijui, lakini alikumbuka yote kwa mara moja. Maji yakitoka, miguu ya akina mama waliokuja kuchokoa pweza, chubwi, chubwi, na kanga zao zimeloa mpaka magotini, na wao wanacheka juu huko, na yeye mdogo kama ukucha amejibanza chini ya tumbawe na ndugu zake, jua limepasha maji moto, wamebanana, wananong'onezana, yanakuja, hayaji, yanakuja. Kisha yanakuja. Kwanza ubaridi kidogo mkiani. Kisha mwani unalala upande mmoja, wote kwa pamoja. Kisha vishindo. Na ndugu zake wanatoka, puu, kama wanafunzi kengele imelia.

"Huku hayajai, dada," akasema taratibu.

"Basi nitangoja," akasema Kitatange. "Mama alisema ningoje."

Kifuu akageuka. Akaelekeza mapezi yake ufani, akapepea. Pwe, pwe, pwe.

Kitatange akanyanyua jicho. "Yanakuja?"

Lakini nyuma yake mayai yamesimama kupumua. Kifuu akarudi mbio. Pwe, pwe. Akaenda ufani. Pwe, pwe. Akarudi. Huku pwe, kule pwe, akiwa kule huku kunakufa, akiwa huku kule kunakufa, na pembeni ya jiwe, mayai mawili yamekwisha kuwa meupe. Meupe kabisa. Akayatazama. Nguvu zikamwishia, akaita.

"Kangaja. Kaa. Njooni."

Wakatazamana.

"Sisi?" akasema Kangaja. "Jana uliniita mwizi."

"Nilikuita. Njoo."

"Si uliapa nikikaribia mayai utaning'oa jicho?"

"Nitaling'oa kesho. Leo pepea."

Akawaeleza. Alipomaliza hakuna aliyecheka. "Nilikuwa nimesahau," akasema Kangaja. "Mwani ulikuwa unalala hivi." Akaulaza mkia wake upande, kuonyesha.

Wakajipanga kwenye ukuta wa kioo. Kangaja na mkia wake mpana. Kifuu na mapezi yake. Hata jirani yao Kamba, anayelala mchana kutwa, akatoka na sharubu zake. Kaa hana pezi, kwa hiyo akagonga gamba lake kwenye kioo awape mwendo.

Ko. "Yaende."

Wote wakasukuma pamoja. Pweee. Maji yakaenda, yakapiga kioo cha mbele.

Ko. "Yarudi."

Pwaaa. Yakarudi.

Yaende. Yarudi. Yaende. Yarudi. Mchanga ukaanza kutambaa. Mwani ukalala upande mmoja, wote kwa pamoja. Maji yakapita juu ya mayai, mayai yakayumba, yakapumua. Yakapita mpaka ufani. Yakampiga Kitatange ubavuni.

Kitatange akatoka.

Chini palikuwa na kipande cha nyama ya kome kilichobaki. Akakisogelea. Kangaja alikuwa amekiwekea jicho tangu asubuhi. Akameza mate, akatazama pembeni. Kitatange akanyoosha mdomo wake mrefu. Nyu. Akameza.

Kaa hakuacha kugonga. Ko. Ko. Hawakuthubutu kuacha.

Kesho yake chakula kiliposhuka wakafanya tena. Keshokutwa wakafanya tena, na siku hiyo Kitatange akasimama karibu na Kifuu, mnene kidogo, anang'aa.

"Huku maji hayajai kweli," akasema.

"Umejuaje?"

"Namwona Kangaja anavyohema. Lakini fanyeni tu. Na mimi nitasukuma."

Wakasukuma, naye akasukuma. Na maji yalipopita juu ya jiwe, mayai yakapasuka. Mawili meupe hayakupasuka, yalibaki pale, na Kifuu hakuyasahau. Mengine yote yakapasuka. Wakatoka watoto kama vumbi lenye macho, wakasukumwa huku, wakasukumwa kule.

"Mama, nini hiki kinatusukuma?"

Kifuu akamtazama Kangaja aliyekuwa akihema. Akamtazama Kaa aliyekuwa akigonga. Akamtazama Kitatange.

"Maji yanajaa, wanangu," akasema. "Kwetu hujaa hivi. Haya, tokeni mle."

Basi, mnaonisikiliza, wakubwa na wadogo. Mgeni akikataa chakula chako usiseme ana maringo. Mwendee taratibu, muulize kwao hula vipi, kisha mfanyie kidogo cha kwao. Na wewe mwenye mzigo, waite jirani kabla hujachoka kabisa.

Hadithi yangu maji yake yamekupwa, imeishia hapo. Iliyo tamu chukueni, yenye chumvi nirudishieni.