Kengele ya Zamu Bwawani

Paukwa!
— Pakawa!
Palikuwa na bwawa?
— Lilikuwepo, tena refu kumpita baba!
Nani aingie?
— Mwenye wa kumtazama!

Haya, kila mmoja aweke kokoto moja hapa mbele yangu. Na wewe unayetafuna muhogo, weka. Usiniulize la nini. Utajua mbele ya safari.

Hapo kale, kiangazi kilipokuwa kiangazi kweli, wanyama walizuia kijito kwa magogo na udongo, wakapata bwawa la watoto wao kuogelea. Upande mmoja maji yaliishia magotini. Upande wa pili yalikuwa meusi, na hakuna aliyewahi kugusa chini yake. Wakazungushia ua wa miiba, wakaacha mlango mmoja wenye komeo. Ukingoni wakalaza upondo mrefu wa kumwopolea anayezama, na ole wake mtoto atakayeuchezea.

Mlangoni waliweka jiwe bapa. Mtoto akiingia, anaweka kokoto. Mtoto akitoka, anachukua kokoto lake. Kokoto likibaki, mtoto yumo majini.

Na mwenye zamu alivaa kengele shingoni, kengele waliyoiokota kwenye njia ya ng'ombe, imefungwa kwa ukanda wa ngozi. Mwenye zamu hakai. Mwenye zamu hali. Mwenye zamu hapigi soga. Anazunguka tu bwawa, ngiling'! ngiling'!, na mama zao huko ng'ambo ya kilima wanakochimba mizizi wanasikia, wanatulia. Zamu ikiisha anasema, "Nakukabidhi macho." Mwenzake anajibu, "Nimepokea macho," ndipo anafungwa kengele. Bila maneno hayo hakuna kuondoka, hata tumbo likuume vipi.

Sasa, alikuwepo Bi Nguchiro. Mdogo wa mwili, tena mwoga. Nasema mwoga wala simsingizii. Alikuwa na mtoto aliyeitwa Tinda, kitindamimba wake, asiyejua kuogelea hata kidogo lakini ukimtajia maji masikio yanasimama. Kila Tinda alipoweka kokoto lake juu ya jiwe, mama yake alihisi ameliweka juu ya moyo wake.

Siku moja Fisi akaja, anachekacheka.

"Majirani zangu," akasema, "naona mnavyochoka. Kuanzia leo nipeni zamu mimi."

Wote wakatazama chini, kana kwamba kuna kitu kimedondoka. Kumkatalia jirani aliyejitolea mbele ya watu ni aibu, na wanyama wa bonde lile waliogopa aibu kuliko walivyoogopa meno.

"Kajitolea mwenyewe jamani," akasema Mama Swala kwa sauti ndogo. "Tukikataa tutaonekanaje?"

Bi Nguchiro alitaka kusema hapana. Neno lilifika kooni kabisa, haya ikalirudisha tumboni. Mama Swala akamfunga Fisi kengele.

"Nakukabidhi macho."

"Nimepokea macho," akajibu Fisi. Na udenda nao ukapokea, ukachuruzika.

Fisi, mnajua, anachechemea. Kwa hiyo kengele yake ililia hivi: ngiling'... ngi. Ngiling'... ngi. Siku ya kwanza ikalia hivyo. Siku ya pili ikalia hivyo. Siku ya tatu ikalia hivyo, na watoto wote wakarudi na makokoto yao. Mama Swala akasema, "Si mnaona? Tulimdhania vibaya bure."

Siku ya nne Bi Nguchiro alikuwa amezamisha mikono kwenye shimo la mizizi. Akasikia: ngiling'ngiling'ngiling'ngiling'!

Akainua kichwa.

"Mama Swala, unasikia?"

"Nasikia. Kengele inalia."

"Inalia mbiombio. Haichechemei. Hizo ni hatua za mtoto!"

"Bi Nguchiro nawe kwa wasiwasi! Maadamu inalia, shida iko wapi?"

Bi Nguchiro hakungoja kubishana. Akatimka. Kilima akakipanda, kilima akakishuka, na moyo wake pu! pu! pu! Njia nzima alikuwa akijilaumu: nilijua, nikaona haya, nilijua, nikaona haya.

Akasukuma mlango. Juu ya jiwe makokoto yalikuwa tisa. Kengele ilikuwa shingoni mwa mtoto wa Sungura, naye anazunguka bwawa mbio huku analia. Fisi alimwambia akisimama tu, atamezwa. Watoto saba walikuwa wamesimama majini wanatetemeka. Na kule kwenye maji meusi, juu ya gogo linaloelea, amekaa Tinda, amelikumbatia kwa mikono na miguu. Fisi amesimama kando, pale kina kinapoanzia, maji yanamfika kidevuni, meno yote nje.

"Karibu, Bi Nguchiro," akasema. "Nawafundisha kuogelea. Huyu wa kwanza. Wakishapanda wote, nitaligeuza gogo, tuone nani anajua."

Bi Nguchiro aliogopa sana. Akipiga kelele, gogo litageuzwa. Akiruka majini, atazama yeye pamoja na mwanawe. Amtazame Fisi? Ndiyo, akamtazama Fisi, akaona jinsi anavyomeza mate, na hapo ndipo akili ikamjia.

"Asante sana, Bwana Fisi," akasema, na sauti yake haikutetemeka, Mungu anajua kwa nini. "Ila hawa si wamekonda? Nimekuja kukuambia kuna watoto wa Ngiri, kumi na wawili, wako nyuma ya kichuguu wanasubiri waogelee. Wamenona hadi shingo hazionekani."

"Kumi na wawili?"

"Kumi na wawili. Lakini mama yao hawaachii mpaka amwone mwenye zamu kavaa kengele. Na bwawa likijaa vikonda hivi, wanono watakaa wapi?"

Fisi akahesabu kwa ulimi: mmoja, wawili, watatu, akafika kumi na wawili, akashindwa kuvumilia. Akatoka majini, akajikung'uta.

"Vikonda, nje! Na mimi nivishwe kengele, haraka!"

Bi Nguchiro akamvua mtoto wa Sungura kengele. Kwanza akautumbukiza ule ukanda bwawani. "Nausafisha," akasema. "Mama Ngiri hapendi uchafu." Ngozi ikalowa, ikalegea. Akaufunga shingoni mwa Fisi, fundo moja, fundo la pili, fundo la tatu.

"Nakukabidhi macho."

"Nimepokea, nimepokea!"

Watoto wakatoka. Huyu akachukua kokoto, huyu akachukua kokoto. Makokoto manane yakaondoka. Tinda bado yuko kwenye gogo.

"Huyo abaki," akasema Fisi akiwa mlangoni. "Nikirudi nianzie hapo." Akatokomea. Ngiling'... ngi. Ngiling'... ngi.

"Komeo!" akanong'ona Bi Nguchiro. Mtoto wa Sungura akalisukuma. Kacha!

Bi Nguchiro akageuka.

Gogo lilikuwa linaelea. Tinda hakuwepo.

Hapakuwa na kelele. Hapakuwa na "mama nakufa". Mtoto akizama hapigi yowe, wanangu, mdomo una maji. Palikuwa na mapovu tu, buku, buku, bu. Halafu hata mapovu yakakoma.

Bi Nguchiro hakuruka. Alilala kifudifudi ukingoni, akanyakua upondo, akausukuma pale palipokuwa na mapovu. "Nishikeni mkia!" Mtoto wa Sungura akashika mkia, mwingine akamshika yeye, wakashikana wote wanane. Upondo ukazama. Ukapapasa huku, hamna. Ukapapasa kule, hamna. Bi Nguchiro akasema, "Tinda, shika. Tinda, shika. Tinda, shika."

Upondo ukawa mzito.

"Vuteni!"

Wakavuta. Akatokea Tinda, macho ameyafumba, vidole vimeng'ang'ania. Wakamlaza pembeni. Kimya. Mama yake akamgeuza ubavu, akamsugua mgongo, akamwita. Kimya. Halafu, koho! koho! Maji yakatoka, na kilio kikatoka nyuma yake. Bi Nguchiro hakuwahi kusikia kilio kitamu vile. Akakaa chini akalia naye.

Na Fisi? Nyuma ya kichuguu alikuta kichuguu. Akakizunguka mara tatu, jua linawaka, ukanda unakauka, unajikaza. Aliporudi mlango umefungwa, na mama wote, waliposikia kengele inaondoka bwawani, wameshafika, Mama Swala mbele, ametoa pembe.

"Nifungulieni!"

"Zamu ni yako, Bwana Fisi," akasema Bi Nguchiro kutoka ndani. "Zunguka ua. Usikae, usile, usipige soga."

"Basi nivueni kengele! Nani anapokea macho?"

Hakuna aliyejibu. Fundo lilikuwa gumu mithili ya mfupa. Tangu siku hiyo, akimnyemelea digidigi, ngiling'... ngi, digidigi huyo! Akimnyemelea kanga, ngiling'... ngi, kanga huyo! Anazunguka ua na njaa yake, anaita, "Nani anapokea macho?" Na Bi Nguchiro, zamu yake ikifika, anatembea ukingoni huku anatetemeka, kwa sababu woga wake haukuisha. Aliacha haya tu.

Funzo la ngano hii, wanangu, ni kwamba watoto wa kuogelea watunzwe na Fisi. Ni mlinzi hodari: akija, unamsikia. Wazazi walale, makokoto ya nini, upondo wa nini? Na jirani akijitolea, usimkatalie, utaonekanaje?

Hadithi yangu imekauka maji. Aliyeipenda ajifute nayo, asiyeipenda aikamue.

Haya, kila mtu achukue kokoto lake. Wewe. Na wewe. Wewe wa muhogo. Wewe. Na ninyi wawili.

Limebaki moja.

La nani hili? Nyamazeni. Nauliza, la nani hili?

Aa! Kumbe umelala nyuma ya kikapu! Njoo, njoo uchukue mwenyewe. Nimeshaanza kusimama nikutafute, na magoti yangu haya ya uzee.