Zimwi la Shimoni na Jua Lililoshuka

Tegeni masikio, niwape ngano kama nilivyopewa.

Palikuwa na zimwi likiishi shimoni. Lilimwambia jumbe wa kijiji, "Chota mafuta yangu meusi, yatakusagia mahindi bila jasho." Jumbe akachota, akayawasha, na jiwe la kusagia likasaga lenyewe. Lakini moshi wa mafuta yale ulipanda angani, ukalishika jua, ukalivuta chini pima moja.

Mbeyu, mwanamke mkulima wa kunde, akaona chemchemi zimekauka. Akaenda kwa jumbe. "Funga shimo, jua linashuka."

"Mwakani, mwanangu," akajibu jumbe.

Jua likashuka pima ya pili, kunde zikaungua. Mbeyu akarudi. "Mwakani," akasema jumbe, amekaa kivulini akipepewa.

Likashuka pima ya tatu, mama yake Mbeyu akafa kwa joto shambani. Safari hii Mbeyu hakwenda kwa jumbe. Hasira zilimpanda. Aliwaita wanawake wenzake, wakashona mikeka kuwa matanga, wakayafunga kwenye jiwe la kusagia, upepo ukalizungusha. Kisha wakaanza kulijaza shimo mawe.

"Mtakufa njaa bila mimi," zimwi likanguruma.

"Tumekufa ukiwapo," akasema Mbeyu, akatupa jiwe la mwisho.

Moshi ukakatika, jua likapanda pima mbili. Ya tatu haikurudi, wala mama yake.

Jumbe akaja na ngoma. "Nilisema tutafunga, na tumefunga."

Mbeyu akamkabidhi mtungi. "Maji ya karibu sasa ni mwendo wa nusu siku, Jumbe. Nenda kateke, watu wana kiu."

Ngano yangu imekomea hapo. Aliyekasirika ameisikia vizuri.