Buli la Bi Tatu

Nimeendesha lori nchi saba, nikavuka madaraja ambayo dereva hufumba macho akasali kwanza. Nilikwama mara moja tu maishani: sebuleni kwangu, Korogwe, kati ya kabati la vyombo na meza niliyoibeba mwenyewe kutoka Lubumbashi. Tumbo mbele, makalio nyuma, mikononi nimekumbatia kiti kipya cha kukunja. Imamu na wazee wawili, waliokuja kumjulia hali mama, wakabaki wananitazama kama mbuzi aliyenasa kwenye uzio.

"Shaibu," mama akaita kutoka chumbani, "hata wewe hupiti? Basi mimi ndiyo nitafia humu."

Hapo mzaha ukaniisha. Mama, Bi Tatu, alivunjika nyonga. Anatumia kiti cha magurudumu. Miezi mitatu hakuwa ameiona baraza, kwa sababu njia yote ilizibwa na vitu vyangu na kabati lake. Iddi ilibaki siku nne, na tangu nizaliwe hajakosa kukaa pale barazani akipokea mikono ya mtaa mzima.

Watu watatu wa nyumbani wakainuka. Zaituni, mke wangu, ana jicho: akikitazama kitu anajua kiliguswa lini mara ya mwisho. Binti yetu Mwanakheri ana ulimi ambao ungemlainisha hata afisa wa mpakani saa ya kufunga geti. Mumewe, Nassibu, ni seremala, mbao humtii.

Akaanza Zaituni, chaki mkononi. Mablanketi ya Maseru, ngoma ya Kigali, chupa tisa za chai.

"Hii umeitumia lini?"

"Nitaitumia."

Alama. Kufika alasiri vitu vimeshagawiwa majirani, sebule inatoa mwangwi. Bila jicho lake, hadi leo tungekuwa tunavihamisha kutoka kona hii kwenda ile.

Likabaki kabati. Ufunguo uko shingoni mwa mama, na ndani mna vyombo vya wageni ambavyo havijawahi kumwona mgeni. "Hilo niachieni!" akafoka. Mwanakheri akaketi miguuni pake.

"Bibi, hao wageni unaowawekea wanatoka wapi?"

"Mbali."

"Wana cheo gani kutushinda sisi uliotulea?"

Mama akaweka chini bakuli lake la uji, akauvua ufunguo. Bila ulimi ule, kabati lingetuzika sote.

Lakini halikupita mlangoni! Marehemu baba aliliundia mlemle ndani, akasahau kupima mlango. (Sasa mnajua akili zangu nilizirithi wapi.) Nassibu hakushika shoka. Alipapasa viungo, akagonga taratibu, likaachia ubao mmoja mmoja bila hata ufa. Kesho yake mbao zilezile zikawa mteremko, kutoka kizingitini hadi barazani.

Asubuhi ya Iddi mama akatoka. Kanga mpya, wanja machoni, mtaa mzima umejipanga kumshika mkono. Nimeona marais wakipita na misafara yao. Hakuna aliyepita kwa fahari kama ile. Mapajani alipakata buli la kaure, chombo pekee alichobakiza kati ya vile vya kabatini.

"Hili," akasema, "ni la aliyenitoa."

Zaituni akakohoa. "Mama, bila mimi kiti hicho kingepenya wapi?"

"Bibi," akadakia Mwanakheri, "ufunguo uliuvua kwa maneno ya nani?"

Nassibu akainama kwa adabu. "Bibi, hapo ulipopita, umepita juu ya nini?"

Mama akacheka mpaka machozi. "Wote mna haki. Nimeshindwa."

Haya, nyinyi mlionisikiliza, mimi pia nimeshindwa: jicho, ulimi na mikono, buli mngempa nani?

Maana siku ile, kwa kuwa sina haya, nilijichomeka na mimi. "Na mimi je, mama? Nisingekwama, nani angeamka?"

Mama akamimina chai kutoka kwenye buli lile, akanisogezea kikombe bila kunitazama.

"Wewe ulikuwa miongoni mwa vitu vya kutolewa."